Jioni ya Kusaini Vitabu: Mnauliza, Tunajibu

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa waandishi wa kitabu cha kwanza, wengi wao wakiwa wamechapisha kwa fedha zao. Wanataka kufanya jioni ya kusaini kwenye duka la vitabu na hawajui waanzie wapi. Wawili watatu wako upande wa pili: muuzaji wa dukani, na msomaji anayesimama kwenye foleni.

*Ndugu Mhariri, nimechapisha riwaya yangu, nakala 300. Sijulikani popote. Niliandika barua pepe kwa duka moja la vitabu Dar es Salaam kuomba jioni ya kusaini, mwezi wa pili sasa sijajibiwa. Nakosea wapi?*
*Mwandishi mchanga, Morogoro*

Ndugu yetu, nenda mwenyewe. Barua pepe ya mtu asiyejulikana hulala pamoja na matangazo ya wauza karatasi. Nenda siku ya kazi, kati ya saa 4 na saa 6 asubuhi, wakati duka limetulia. Usiende Januari wala wiki za kufungua shule, maana kaunta yote huwa imejaa wazazi wenye orodha za vitabu vya kiada. Ukifika, usimmalizie mtu wa kaunta hadithi yako. Uliza ni nani anayeamua vitabu vipi viingie dukani, na kama hayupo, uliza yupo siku gani.

Mkononi uwe na nakala mbili, moja ya kuachia, na karatasi moja yenye jina la kitabu, bei, idadi ya kurasa, ISBN (namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu), namba yako ya simu na mistari mitatu inayosema kitabu kinahusu nini. Wasifu wa kurasa tano uache nyumbani.

Kabla hajasoma hata sentensi moja, mwenye duka ataangalia mgongo, jalada la nyuma na bei. Kitabu kilichopigwa pini katikati hakina mgongo, na kikishasimamishwa kwenye rafu hakionekani tena. Nyuma atatafuta ISBN na msimbopau, ile mistari inayosomwa na mashine ya kaunta. Kwa Tanzania namba hiyo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba; huanza na 978, kisha 9976, 9987 au 9912. Za Kenya nyingi utaona 9966. Duka linalouza kwa kompyuta likikuta kitabu hakina namba, itabidi likitungie ya kwake, na wengi hawataki kazi hiyo. Kuna balaa jingine: mchapaji aliyenakili msimbopau wa kitabu kingine ili jalada lipendeze. Mashine ya kaunta husoma jina la kitabu cha mtu mwingine, mbele ya wateja wako. Kipime msimbo huo kwa programu ya simu kabla hujatoka nyumbani.

Halafu litakuja swali lenyewe: utaleta watu wangapi? Usiseme "wengi". Andika majina ya watu unaowajua mjini humo, wapigie mmoja mmoja, na wale watakaosema "Mungu akipenda" wahesabu nusu. Ukipata 15, sema 15. Duka litakupa kona nzuri na viti vya kutosha. Ukitaja 80, litapanga viti 80, na viti 65 vitupu vitawaondoa hata hao 15.

Tunakurudishia swali moja: kwa nini Dar? Kama majina yako 15 yako Morogoro, jioni yako iko Morogoro, hata kama duka ni dogo na linauza madaftari kuliko riwaya.

*Duka limekubali, lakini linataka asilimia 35 ya bei ya kila nakala. Wateja nawaleta mimi, vitabu nimechapa mimi. Huu si unyonyaji?*
*M., Tanga*

Hapana. Asilimia 30 hadi 40 ndiyo kawaida ya biashara hii. Duka lina kodi ya pango, umeme na mishahara hata siku ambayo hakuna aliyenunua kitu. Kosa ni kuyapokea masharti hayo bila kupiga hesabu.

Tuchukue kitabu cha shilingi 15,000. Asilimia 35 ya duka ni 5,250, kwako zinabaki 9,750. Kama kila nakala ilikugharimu 6,000 kuchapa, faida yako ni 3,750. Sasa jumlisha nauli, bango na vitafunwa. Tuseme vimefika 90,000. Gawanya kwa 3,750: unahitaji kuuza nakala 24 ili jioni ijilipe. Kama unategemea watu 15, haitajilipa, na ni bora ulijue hilo leo. Punguza matumizi yafike 40,000, nakala 11 zitakutosha. Au ukubali kwamba tofauti ni gharama ya kujulikana, lakini uikubali ukiwa umeiona.

Jambo linalovunja urafiki na duka ni mwandishi kuuza kitabu kwa 10,000 kutoka kwenye begi lake, pale pale mlangoni, wakati ndani ni 15,000. Bei iwe moja. Mauzo yote yapite kaunta ili risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, itoke kwa jina la duka. Msomaji akitaka kulipa kwa simu, alipe kwenye Lipa Namba ya duka, si kwenye namba yako binafsi.

Vitabu vingi vya waandishi wachanga hupokelewa kwa mali kauli: duka linalipa kinachouzwa, kilichobaki unachukua. Mali kauli bila karatasi ni chanzo cha ugomvi. Andikeni idadi ya nakala zilizoingia, bei, asilimia ya duka, tarehe ya kuhesabu, malipo yatafanyika baada ya siku ngapi (siku 30 ni muda wa haki), na nani anabeba hasara ya nakala iliyochafuka au kupotea. Muisaini wote wawili, kila mmoja abaki na yake. Wafanyakazi wa maduka huhama. Miezi sita ikipita, aliyepokea nakala zako 30 hayupo, na aliyepo hakujui wewe wala kitabu chako.

Usiku ule ule, kabla ya kuondoka, hesabuni pamoja: zilizoingia, toa zilizobaki, toa zilizogawiwa bure. Jibu lilingane na mashine ya kaunta. Zikipungua mbili, ni rahisi kukumbuka saa hiyo kwamba moja alichukua mwandishi wa habari na nyingine iko chini ya meza.

*Niende na nakala ngapi?*
*Msomaji wenu, Dodoma*

Mara mbili ya watu unaowatarajia. Kwa watu 15, nakala 30: wapo watakaonunua mbili, na duka litapenda kubaki na kadhaa. Kitabu cha kurasa 200, ukubwa wa A5, karatasi ya gramu 80, kina uzito wa gramu 270 hivi, kwa hiyo katoni ya nakala 40 ni kilo 11. Bodaboda inabeba, ila funga kwa nailoni hata kama jua linawaka, na usiisimamishe katoni kwa pembe, maana pembe za majalada ndizo hupondeka kwanza.

*Duka limenipa nafasi Ijumaa ya tarehe 14, saa 1 jioni. Nikubali?*
*Bi. S., Dar es Salaam*

Omba ibadilishwe, dada yetu. Tarehe 14 mfuko wa mwenye mshahara uko katikati ya jangwa. Tafuta kati ya tarehe 26 na tarehe 5. Ijumaa jioni foleni ya Dar inawameza wageni wako njiani. Jumamosi saa 10 alasiri ni bora, umalize kabla ya adhana ya Magharibi, ambayo Dar huwa saa 12 na robo hivi mwezi Juni, na saa 12 na dakika 45 hivi mwezi Februari. Epuka jioni za Ramadhani kabisa. Masika nayo, Machi hadi Mei, mvua ya saa 9 inatosha kukubakiza na mwenye duka.

Tangazo lianze wiki tatu kabla, likumbushwe siku tatu kabla, kisha asubuhi ya siku yenyewe. Stetasi ya WhatsApp inasaidia, ila inayoleta watu ni simu ya mdomo. Kwenye tangazo taja bei ya kitabu na kwamba kiingilio ni bure. Watu wengi hawaji kwa kuogopa kwamba wataombwa mchango.

*Mimi ni muuzaji katika duka la vitabu Mombasa. Mara ya mwisho meza ya mwandishi iliziba njia, watu wakasongamana, na nakala nne zilizosainiwa hazikulipiwa. Tupange vipi?*
*Muuzaji, Mombasa*

Ndugu muuzaji, nakala zako nne ziliponyoka kwa sababu ya mpangilio, si kwa sababu wateja ni wezi. Mtu akisainiwa kabla ya kulipa, mkononi ana kitabu chenye jina lake. Anaona kimeshakuwa chake. Anapiga picha, anasalimiana, anatoka. Au anakumbuka hana pesa, anakirudisha kimya kimya mezani, nanyi mnabaki na kitabu cha "Kwa mpendwa Mwanaisha" ambacho Mwanaisha hakukinunua.

Njia iwe moja: mlango, viti, kaunta, meza ya kusaini, kisha mlango tena. Mezani pa mwandishi pasiwe na rundo la vitabu vya kuuza. Pawe na nakala moja ya maonyesho, kalamu, maji na karatasi. Vitabu vyote vikae kaunta. Hapo kaunta mwenzako amuulize mnunuzi jina la kuandikiwa, aliandike kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi cha kubandika na akiweke kwenye ukurasa wa kusainiwa. Aisha, Aysha na Asha ni watu watatu, na mwandishi aliyechoka hawezi kuwatofautisha kwa sikio. Nyinyi wa Mombasa mna Mohamed, Muhammad na Mohammed katika nyumba moja.

Meza ionekane kutoka mlangoni lakini isiwe mbele ya mlango. Mwandishi akae na ukuta nyuma yake, rafu ikiwezekana, maana kila picha itakayopigwa itabeba kilicho nyuma yake. Usimweke chini ya feni. Inafunua kurasa na kurusha vikaratasi.

Viti: panga vichache kuliko wageni mnaowategemea. Kwa watu 15, viti 12, vingine vikae vimepandana nyuma ya rafu. Kuongeza kiti kwa mgeni ni heshima kwake. Kukusanya vitupu mbele ya mwandishi kunamtia unyonge.

Kwa watu chini ya 30 katika chumba kimoja, maiki haihitajiki, ila zima redio na feni yenye kelele wakati wa kusoma. Mkitumia spika, iwe ya kuchaji, na imechajiwa asubuhi. Taa ya dharura iwe karibu na kaunta, kwani umeme ukikatika pesa ndizo za kwanza kuhitaji mwanga.

Vitafunwa vikae mbali na vitabu, na visiwe vya mafuta. Sambusa na viazi karai ni vitamu, lakini kidole kimoja chenye mafuta kinaharibu jalada lisilong'aa, na doa halitoki. Korosho, kashata, tende na kahawa vinatosha. Juisi ya ukwaju, hapana.

*Nisome sehemu gani, na kwa muda gani? Pia ndugu zangu wananishauri nimwalike mgeni rasmi.*
*Mwandishi wa hadithi fupi, Arusha*

Usome dakika 8 hadi 10, si zaidi. Ukurasa wa A5 wenye maneno 280 hivi huchukua karibu dakika tatu ukisomwa kwa sauti bila pupa, kwa hiyo ni kurasa tatu tu. Washa saa ya simu, usome ukiwa umesimama, mara tatu kabla ya siku hiyo. Sentensi inayokukwaza mara zote tatu itakukwaza pia siku yenyewe. Iruke, hakuna atakayejua. Chapa kurasa hizo kwenye karatasi za A4 kwa herufi kubwa. Kusoma kutoka kwenye kitabu kunakulazimisha kuinamisha kichwa, na sauti inaingia kifuani.

Si lazima uanze ukurasa wa kwanza. Mwanzo wa hadithi una kazi ya kutambulisha watu na mahali, na chumbani kazi hiyo unaweza kuifanya kwa sentensi mbili. Chagua mahali ambapo watu wawili wanazungumza na mmoja anaficha jambo. Majibizano hushika sikio kuliko maelezo ya machweo. Acha pale ambapo msikilizaji anataka kujua kilichofuata. Usisome mwisho. Tumeona waandishi wakisoma mwisho wa hadithi kwa sababu ndipo walipojivunia zaidi, kisha wanashangaa hakuna anayenunua.

Ratiba nzima: dakika 15 za kusubiri waliochelewa, 5 za utambulisho, 10 za kusoma, 20 za maswali na majibu na mwendesha mazungumzo, kisha kusaini. Mwendesha mazungumzo awe amekisoma kitabu. Mpe maswali matano mapema, na rafiki mmoja aandaliwe kuuliza la kwanza kutoka vitini, maana ukimya baada ya "nani ana swali?" huwa mrefu sana.

Kuhusu mgeni rasmi, sisi tunasema hapana. Uzinduzi ni shughuli nyingine: una meza kuu, "itifaki imezingatiwa", nakala ya kwanza kununuliwa kwa laki kadhaa na watu kuchangia. Ni shughuli nzuri mahali pake, ukumbini. Dukani, mgeni rasmi akichelewa saa moja na nusu jioni yako yote imekwisha, na akifika hotuba yake itakula dakika zako za kusoma. Ukishindwa kuwakatalia ndugu, mpe mheshimiwa kiti cha mbele na nakala yenye jina lake, basi.

*Nilisaini kwa kalamu ya bei mbaya, wino ukachafua ukurasa wa pili yake. Nitumie kalamu gani, na nisaini wapi?*
*J.K., Bagamoyo*

Kosa huenda halikuwa la kalamu, bali la karatasi. Karatasi ya kawaida ya gramu 70 au 80 hunywa wino, na peni ya jeli hukauka kwa sekunde chache. Karatasi inayong'aa, ile ya vitabu vya picha, hainywi. Wino wa jeli hukaa juu yake na kufutika kwa kidole hata baada ya dakika kadhaa. Hiyo inataka peni yenye wino usiofutika, ncha nyembamba. Karatasi laini kama ya gazeti nayo ina tabia yake: wino wa majimaji hutanuka na maka peni hutokea upande wa pili. Hapo tumia bolpeni ya kawaida, bila kukandamiza. Hewa ya pwani yenye unyevu huchelewesha kila wino, kwa hiyo Bagamoyo subiri kidogo kuliko Arusha.

Jaribu kwenye nakala iliyoharibika, saini, funga kitabu, hesabu mpaka kumi, ufungue. Kata vipande vya karatasi nyeupe vya sentimita 5 kwa 10, kimoja kwa kila nakala, ukiweke juu ya saini kabla ya kufunga. Nenda na kalamu tatu za aina moja. Wino wa buluu unaonyesha wazi kwamba ni mkono wako, wala si chapa.

Saini kwenye ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu na jina lako, si kwenye jalada. Na tafadhali, usitumie saini yako ya benki. Tunga nyingine ya vitabuni, kwani hii itapigwa picha na kuzunguka mitandaoni. Andika jina la msomaji, maneno machache, mahali na tarehe. Andaa sentensi tatu za kuzungushia, maana ukianza kufikiri mezani, mtu mmoja atachukua dakika tano. Dakika moja na nusu kwa kila mtu ni mwendo mzuri. Watu 15 watakwisha ndani ya dakika 25.

*Je, naruhusiwa kupeleka kitabu nilichonunua kwingine kisainiwe? Na nikikuta mwandishi simjui, si lazima ninunue?*
*Msomaji, Zanzibar*

Ruhusa ipo, ila muulize mtu wa kaunta kwanza, ili kitabu chako kiwekewe alama usije ukasimamishwa mlangoni. Ni ungwana kununua kitu kingine dukani, hata kama ni kitabu cha mtoto. Kuhusu kununua: si lazima. Sikiliza, uliza swali, uende zako. Usichomwomba mwandishi mchanga ni nakala ya bure.

*Walikuja watu watatu, mmoja ni shemeji yangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Ingefaa nifanye nini?*
*Hatutaji jina, Iringa*

Ungeondoa meza. Kwa watu watatu, kaa nao kwenye viti vinne vilivyopangwa duara, waombe wenye duka wajiunge, na usome kana kwamba umewaalika nyumbani. Usiombe radhi kwa uchache wao. Wao ndio waliokuja. Usingoje wengine zaidi ya dakika 15. Punguza ratiba: soma dakika 8, zungumza nusu saa. Mtu aliyekaa karibu na mwandishi kiasi hicho huondoka na kitabu, na mara nyingi humtajia mwingine.

Halafu tumia muda uliobaki kwa kazi. Tembea dukani na muuzaji, muulize wateja wake husoma nini, mweleze kitabu chako kinafanana na kipi ili ajue amwonyeshe nani. Yeye atakuwepo hapo Jumatatu, wewe hutakuwepo.

*Nakala zilizobaki nizisaini zote nikaziache dukani?*
*M., Tanga (tena)*

Saini chache, tano au sita, kwa saini tupu na tarehe, bila jina la mtu. Duka lizibandike kipande kidogo cha karatasi kinachosema "imesainiwa na mwandishi", kwa gundi isiyoacha alama. Nyingine ziache safi. Kitabu chenye jina la mtu hakiuziki kwa mwingine, na ukitaka kukihamishia duka jingine huenda wasikipokee. Zile tano zikiisha, piga simu, urudi kusaini nyingine tano, na siku hiyo hiyo ukadai malipo yako ya mali kauli ukiwa na karatasi mkononi.